Jibu Nililompa Shangazi wa Bwana Harusi

Siku ya kwanza nilipobisha hodi katika nyumba ile, mama mwenye nyumba alinambia hana mtoto wa kike. Alisimama mlangoni, mkono mmoja kaushika mwimo, kama anayezuia mbuzi asiingie. Nilikuwa na daftari kubwa kwapani na fulana ya wahudumu wa afya wa kujitolea nimeivaa juu ya gauni. Nyuma yake, kutoka chumba cha uani, sauti ya msichana ilikuwa ikihesabu miezi: mfunguo mosi, mfunguo pili, mfunguo tatu. Ikifika Ramadhani inarudi mwanzo.

"Hiyo redio," akasema.

Nikamwambia sawa, nikaaga. Lakini binti yake nilimjua. Chokocho yetu, huku kusini mwa Pemba, si kubwa. Miaka mitatu nyuma nilikuwa nikimwona asubuhi akienda skuli, mtandio mweupe umepigwa pasi, anatangulia mbele ya wenzake huku kafungua kitabu. Alipofika kidato cha tatu akaacha kuonekana. Watu walisema kapelekwa Unguja kwa shangazi yake. Baadaye hawakusema kitu.

Kazi hii sikuiomba. Sheha aliniita kwa sababu najua kusoma na kuandika, na kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, "nyumbani kwenu jambo hili mnalijua." Alimkusudia kaka yangu. Kaka yangu alikuwa na miaka ishirini alipoanza kusema peke yake. Alikaa hivyo miaka miwili, akichekwa na watoto, na mwisho akaingia mikokoni siku ya maji makubwa. Tulimpata siku ya pili. Mama hakulitaja jina la ugonjwa kwa sababu hakulijua, na sisi watoto tulijifunza kusema "alikufa maji," kama mtu aliyeteleza. Basi nilipoambiwa kuna mafunzo ya siku tano Mkoani, ya kuwatafuta vijana wanaougua akili majumbani na kukaa na familia zao, nilikwenda. Tulifundishwa mengi, ila lililokokotezwa kuliko yote ni moja: siri ya mgonjwa haitoki kinywani mwako. Tulinyanyua mikono tukaahidi.

Mara ya pili nilipokwenda nyumba ile niliambiwa mwenyewe hayupo, na aliyenambia ni mwenyewe. Mara ya tatu niliacha fulana na daftari nyumbani. Nilichukua ukili wangu wa mkeka nikaketi barazani kwake bila kukaribishwa, nikaanza kusuka. Alitoka, akanitazama, akarudi ndani. Kisha akaja na ukili wake. Tulisuka mpaka alasiri tukizungumza habari za mwani unaokufa kwa joto la maji. Kesho yake vivyo hivyo, na kesho kutwa. Siku ya tano alisema bila kuinua macho:

"Weye, kakako alianzaje?"

Nikamweleza. Sikuwahi kumweleza mtu wa nje ya nyumba yetu. Nilipofika kwenye mikoko, yeye alikuwa kashauweka ukili chini na kajifunika uso kwa kanga.

"Njoo," akasema.

Dirisha la chumba lilikuwa limezibwa kwa gunia. Kulinuka udi na mkojo. Binti alikaa pembeni mwa kitanda cha kamba, nywele zimekatwa ovyo kwa mkasi, miguu mifupa mitupu. Viganja vyake vyote viwili vilikuwa na makovu yanayong'aa kama nta. Mama alinieleza kwa sauti ndogo. Walimnywesha kombe na kumsomea, na kwa hilo sina neno. Kwetu pia tulisoma na mpaka leo nasoma. Lakini mjomba wa binti, aliyekuwa ndiye mwanamume wa nyumba tangu baba afe, alileta mtu kutoka mbali aliyesema jini huyu haogopi maneno. Huyo ndiye aliyemshika mikono juu ya makaa ya chetezo.

"Aliniita," mama alisema. "Mama, mama. Nami nilikuwa nimesimama papa hapa mlangoni."

Nikaketi sakafuni mbele ya binti, nikamjulia hali.

"Wambaje, mwanangu?"

Akatazama juu. "Punguza sauti," akasema. "Bati linasikia."

Tulimpeleka Mkoani siku mjomba alipovuka kwenda Unguja kwenye msiba. Binti alijifunika uso wote njia nzima na kuning'ang'ania mkono kwa kucha. Muuguzi wa maradhi ya akili alikuwa mwanamke mtu mzima, mwenye sauti nzito, na alifanya jambo ambalo sikuwahi kuliona hospitali: alimwuliza mgonjwa mwenyewe. Mama alipofungua mdomo kujibu, alimnyamazisha kwa kiganja.

"Hizo sauti zakwambia nini?"

"Nisile. Chakula cha watu."

"Na weye zinakuchosha?"

Binti akaanza kulia. Naamini kwa miaka mitatu hakuna aliyemwuliza kama anachoka.

Alipewa vidonge na sindano ya kila mwezi. Mwezi wa kwanza alilala tu, mate yakimtoka, na mama yake alinifuata mpaka kisimani akanambia mbele ya watu kwamba nimemgeuza mwanawe gogo. Nilirudi kwa muuguzi, akapunguza dozi. Mwezi wa pili alikula. Mwezi wa tatu aliuliza vitabu vyake viko wapi, na mama akaona haya kumwambia vimewashiwa moto. Mwezi wa nne nilipita njiani nikamwona barazani anapepeta mchele, mtandio kichwani, na sikuthubutu kusimama nisije nikamtia macho. Mjomba alitangaza kwamba yule mtu wake hatimaye kafanya kazi. Tulimwachia.

Alhamisi baada ya sala ya alasiri tulikuwa tukikutana katika chumba cha chuo cha Kurani tulichoazimwa. Vijana saba au wanane na wazazi wao. Wazazi karibu wote ni akina mama, na baba mmoja tu, mvuvi wa pweza, aliyekuja na mwanawe wa kiume na hasemi neno. Muuguzi alikuja mara moja kwa mwezi na sindano zake. Tulikuwa tukielezana nani kalala na nani hakulala, nani kaacha vidonge, nani kapigwa nyumbani na kwa nini. Siku nyengine tulikaa kimya tu, mpaka ikaadhiniwa magharibi. Yule binti kwa miezi mingi hakusema. Siku aliyosema, alisema hivi:

"Ile sauti najua si ya kweli. Lakini inalijua jina langu. Watu wa kweli walikuwa washalisahau."

Mvuvi aliinuka akatoka nje. Tulimsikia anapenga kamasi nyuma ya ukuta.

Binti alikaa mzima mwaka na nusu. Nasema mzima kwa maana ya kwetu: alikula, alilala, alisali, alisuka mikeka mizuri kuliko mimi, na akianza kusikia mambo alikuja kunambia. Ikaja posa kutoka Msuka.

Msuka iko ncha ya pili ya kisiwa, na ndiyo maana mjomba aliikubali posa hiyo. Kijana alikuwa dereva wa bodaboda, mtoto wa watu wa dini. Alimwona binti kwenye harusi ya jamaa Mkoani akapendezwa naye. Mjomba alisema nikahi itamtuliza kabisa, na kwamba mwari akikaa sana ndani ndipo akili inapoingia kutu. Mama alikuja kwangu jua la saa nne, kavaa kanga za kutokea.

"Dada yangu," akasema, "kwa haki ya maziwa uliyonyonya, usiseme. Mwanangu kapata mtu."

"Akiolewa dawa atazila wapi?"

"Atakuja kwangu kila mwezi. Atasema kaja kunitazama."

Nilikwenda kumwuliza muuguzi. Alinisikiliza akaniambia siri si ya mama, wala si ya mjomba, wala si yangu. Ni ya binti. Kamwulize mwenyewe.

Nilimkuta uani anafua. Hakuacha kufua aliponijibu.

"Nataka kuolewa," akasema. "Wenzangu wote niliosoma nao wana watoto. Miye nikipita wanawaita watoto wao ndani."

"Basi tumwambie mume kwanza. Weye, miye na muuguzi, tukae naye."

Povu likawa linamtiririka mikononi, juu ya yale makovu.

"Nitamwambia," akasema. "Lakini baada ya harusi. Akishanijua."

Nilimkubalia. Hilo ni kosa la kwanza, na kwa hilo pengine Mungu atanisamehe, kwa sababu siri ilikuwa yake. La pili ni langu peke yangu.

Wiki mbili kabla ya nikahi walikuja wanawake wawili wa upande wa mume kuulizia, kama ada. Waliingia nyumba mbili tatu za mtaa, kisha wakaja kwangu. Nilikuwa nachemsha majimbi. Mkubwa wao alikuwa shangazi wa bwana harusi, mwanamke mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliketi kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, akakataa nimtandikie mkeka.

"Siye ni watu wa mbali," akasema. "Huku hatumjui mtu. Tumeambiwa weye ni mtu wa afya, nyumba zote waingia. N'nakuuliza kama dada yangu. Yule mtoto ni mzima?"

"Ni mtoto mwenye adabu," nikasema. "Na anasali."

"Hayo tumeyaona. N'nakuuliza uzima."

Majimbi yalikuwa yakitokota. Nilifunua sufuria ili nipate pa kutazama.

"Sijaona kasoro," nikasema.

Akashukuru. Akaniombea dua, mimi na watoto wangu. Alipoondoka alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Nimelitafuta jibu jengine mara nyingi tangu siku ile, na si gumu hata kidogo. Ningesema: mwulizeni mwenyewe, au mleteni kijana azungumze naye. Siri ingebaki siri. Mimi sikulinda siri. Nilisema uongo, nikauita ahadi. Na nitasema na hili: nilitaka aolewe. Nilitaka watu wa Chokocho waone kwamba kijana wetu wa Alhamisi kaolewa, kabebwa kwa gari lenye maua. Nilikula pilau siku ile na nikapiga vigelegele mpaka koo likakauka.

Mwezi wa kwanza alikuja, akachomwa sindano Mkoani, akalala kwa mama yake usiku mmoja akarudi. Mwezi wa pili alikuja na mumewe, na ilibidi tumpeleke mume kutazama shamba la mikarafuu huku mama na binti wanakimbilia hospitali. Tulicheka juu ya hilo. Nilimwuliza kama kashamwambia.

"Bado," akasema. "Ananipenda mno. Naona tabu."

Mwezi wa tatu hakuja. Alikuwa na mimba, na mavyaa wake, yaani mamake mume, alisema mwenye mimba changa hasafirishwi masafa yale. Nilimpigia simu. Akasema ana vidonge, kaviweka ndani ya kopo la wanja, na anakunywa mumewe akitoka. Mwezi wa tano sauti yake ilikuwa nzito kidogo. Nikamwuliza vidonge. Akasema mume aliviona, akamwuliza ni vya nini, naye kamjibu ni vya kichwa. Halafu kwa hofu akavitupa chooni.

"Vyote?"

"Vyote. Lakini n'mzima, dada. Wallahi n'mzima. Hata sisikii kitu."

Nilikwenda kwa mama yake siku ile ile nikamwambia nakwenda Msuka kesho. Mama alinishika baibui. Alikuwa na nguvu za ajabu mwanamke yule.

"Ukenda weye watajua," akasema. "Yule shangazi anakujua weye ni mtu wa nini. Utavunja nyumba ya mwanangu na mimba tumboni. Subiri ajifungue. Akishajifungua atakuja kuuguzwa kwangu, tutamtibu."

Nikasubiri. Muuguzi nilimwambia kwamba binti kahama na kwamba nitafuatilia, na katika daftari niliandika hivyo: kahama, anafuatiliwa. Hata huo ulikuwa uongo, ila mdogo.

Alijifungua mtoto wa kike, salama. Hawakumwacha aje Chokocho. Kwao mzazi wa kwanza huuguzwa kwa mume, walisema. Mama yake alikwenda kukaa naye siku saba, akarudi anasema mtoto mzuri, mama anamnyonyesha vizuri, ila halali. Nikamwambia mzazi gani analala. Nilisema hivyo mimi, niliyefundishwa siku tano kwamba kutolala ndiyo dalili ya mwanzo.

Siku ya ishirini na tisa ya uzazi, mchana, mavyaa akiwa jikoni, binti alimchukua mtoto akatoka kwa mlango wa nyuma. Wanawake wa Msuka waliokuwa wakiokota chaza walimwona ameketi ndani ya maji na nguo zake zote, maji yanajaa, yamemfika kifuani, mtoto kamnyanyua begani. Walidhani anaoga. Walipomwendea, aliwaambia wasimguse mtoto, anamtoa moshi. Mtoto alikuwa amebadilika rangi kwa baridi. Walimnyang'anya kwa nguvu, na katika kunyang'anyana walimwumiza mkono mama. Mtoto alipona. Mkono ulipona pia, lakini haukunyooka sawa.

Mume alipiga simu Chokocho, akasema njooni, mtoto wenu kaharibikiwa. Tulikwenda mama na mimi. Mjomba alisema ana kazi.

Walikuwa wamemfunga kwa kamba ya usumba kwenye nguzo ya banda la jikoni. Nasema hivi bila kuwalaumu. Hawakujua jengine la kufanya, na walimwekea kivuli na maji na mkeka. Alikuwa anahesabu miezi. Maziwa yalikuwa yamemtiririka yakalowesha gauni mpaka kiunoni, na nzi wamejaa. Mama yake alimwangukia miguuni. Mimi nilianza kufungua kamba.

Nyuma yangu mtu akasema, "Ni weye."

Yule shangazi, na miwani yake ya uzi.

"Ni weye niliyekuuliza," akasema. "Nimeketi kwako. Ulijua?"

Wanawake wote wa uani walinigeukia. Hata mama aliacha kulia.

"Nilijua," nikasema.

Nilitazamia atanipiga. Alivua miwani, akaifuta kwa pembe ya kanga, akaivaa tena, akaingia ndani. Sikumwona tena mpaka leo. Aliyesema ni mume. Alikuwa kijana mdogo kuliko nilivyomkumbuka, kasimama karibu na pikipiki yake kama asiye na pengine pa kusimama.

"Mngenambia," akasema. "Mngenambia tu. Miye nina pikipiki. Ningempeleka mwenyewe kila mwezi."

Akarudia tena na tena, nina pikipiki, nina pikipiki, mpaka nduguye akamshika bega akamwondoa.

Yeye ndiye aliyetafuta gari la kutupeleka Mkoani. Alikaa mbele na dereva, hakugeuka. Binti alilazwa wiki saba. Dawa zake hazikuruhusu kunyonyesha kwa wakati ule, na mtoto alibaki Msuka kwa maziwa ya kopo. Lakini kifua hakijui habari hizo. Siku za mwanzo nilikuwa nikimkamua kwa mkono ndani ya kikombe, nikimwaga maziwa kwenye karo, naye ananitazama nikimwaga. Wiki ya tatu maziwa yalikauka. Wiki ya nne akili ilirudi, na kwake yeye kurudi kwa akili kulikuwa ndiyo adhabu, kwa sababu ilirudi na kumbukumbu yote. Alikumbuka kwamba maji aliyaona ya vuguvugu. Alikumbuka kwamba alikuwa na furaha.

Talaka ilikuja kabla hajatoka hospitali. Moja tu, imeandikwa kwa mkono wa mtu mwengine. Muuguzi na sheha walitaka tukae na wale wa Msuka, tuzungumze habari za mtoto: kwamba mama yake anatibika, kwamba anaweza kumwona akiwapo mtu mzima, kwamba sheria na dini vyote vina la kusema. Mume, nasikia, alikuwa tayari. Mjomba ndiye aliyekataa. Alisema tukifika kwa kadhi Pemba nzima itajua nyumba yake ina mwendawazimu. Mama hakuthubutu kumpinga kaka yake, na mimi wakati ule sikuwa na uso wa kumpinga mtu.

Niliacha kazi. Nilimrudishia sheha fulana na daftari, nikasema nimechoka. Miezi mitano nilipanda mwani nikarudi nyumbani, basi. Aliyenirudisha ni yule mvuvi wa pweza. Alikuja na mwanawe mpaka barazani kwangu, na maneno aliyosema ndiyo mengi kuliko yote niliyowahi kuyasikia kutoka kwake:

"Chuo kimefungwa Alhamisi ishirini. Huyu ananiuliza twende wapi. Unipe jibu nimpe."

Nikarudi. Kwenye kikao cha kwanza niliwaeleza wote nilichokifanya, mama wa binti akiwapo, kwa ruhusa ya binti mwenyewe. Baadhi ya akina mama walisema wangefanya kama mimi. Mmoja alisema hatanambia tena siri yake, na hakurudi. Tuliweka sharti: ikija posa, kijana mgonjwa akikubali, tunakaa na upande wa pili kabla ya siku kutajwa. Nisije nikaeleweka vibaya, hilo nalo halikuleta harusi. Binti mwengine wa kikundi alipoposwa, tulikaa, tukaeleza, muuguzi akaeleza vizuri kabisa, wageni wakasikiliza kwa heshima, wakanywa chai, wakaondoka. Walituma ujumbe wa kukataa kesho yake. Binti huyo alilia wiki nzima na mama yake bado hanisalimu. Sijui njia iliyo sawa. Najua moja tu iliyo kosa, kwa kuwa niliipita.

Yule aliyeolewa Msuka sasa ana miaka ishirini na mbili. Anakuja kila Alhamisi. Anakaa karibu na mlango, mkono wake ule mbovu kaupakata, na anachomwa sindano yake bila kukosa. Hasikii kitu tena, au hasemi. Niliwahi kumwomba radhi, sisi wawili tu, tukikunja mikeka.

"Si miye niliyekwambia usiseme?" akasema.

"Weye ulikuwa mtoto. Miye ni mtu mzima."

Akamaliza kukunja. Kisha akasema, "Unayo namba yake?"

Ninayo. Yule kijana wa pikipiki keshaoa mwengine, lakini nilipomwandikia hakukataa. Kila mwezi hunitumia picha kwenye simu yangu, kwa sharti yule mavyaa asijue. Mtoto kakaa. Mtoto kaota meno. Mtoto kasimama kwa kushika pikipiki. Binti huzitazama baada ya kikao, anazikuza kwa vidole viwili mpaka uso unapotea na kubaki rangi tu.

Alhamisi iliyopita ilikuja video ya kwanza. Mtoto anatembea uani, hatua nne tano, anamwendea mwanamke aliyeketi na kunyoosha mikono, ambaye uso wake hauonekani. Anamwita mama, waziwazi.

Binti aliitazama mpaka mwisho. Akanirudishia simu. Muuguzi alikuwa akimwita, zamu yake ya sindano imefika, akainuka akaenda.